Fundi wa mkonge kabuni kitu korona ya kwanza, korona ya tatu hawakiwezi: ni uchoyo au?

"Assalam aleikum dada. Mimi ni msimamizi wa ufundi kwenye kampuni ya mkonge hapa mkoani Tanga, tuna korona tatu, yaani mitambo ya kukwangua majani ya mkonge ili kupata singa (nyuzi), mbili zipo karibu karibu, ya tatu iko mbali kidogo. Korona ya kwanza kuna fundi mzee ambae haishi kubuni vitu, sasa hivi karibuni kaja na namna yake ya kuseti nafasi ya visu vya ngoma, lile pipa la chuma linalozunguka kukwangua majani, singa zinatoka safi na zile fupi zinazopotelea kwenye mabaki zimepungua, kila mtu anaona. Korona ya pili walichukua haraka tu. Ya tatu mpaka leo wameshindwa na ni mafundi wazuri. Tumefungua grupu la WhatsApp, tumeweka sanduku la maoni, tumemwomba mzee aandike, kaandika ukurasa mmoja. Bosi anasema mafundi ni wachoyo, anataka tununue mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi ujuzi, na mzee ahamishiwe ofisini mjini awe anafundisha wote. Mzee anastaafu mwakani. Je tununue huo mfumo? Mzee tumhamishe? Na anachobuni ni mali ya nani, maana ameanza kuuliza."

Waaleikum salaam kaka yangu, pole na kazi. Swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja maana ni la watu wengi, sio wa mkonge peke yao, hata viwandani kwingine huku kwetu nakutana nalo, yaani ujuzi upo ndani ya kampuni, kila mtu anauona, ila ukitoka pale ulipozaliwa haufiki popote. Na wewe una mwaka mmoja tu kabla mzee hajaondoka. Ngoja nikujibu kabisa mwanzoni halafu ndo nieleze sababu: mfumo msinunue sasa hivi, mzee msimhamishe, na hilo neno uchoyo mliache kabla halijawaharibia kazi. Suala la mali ya nani nitalifikia, ni kubwa kuliko ulivyoliandika, umeliweka mwishoni kabisa kana kwamba ni dogo.

Nianze na uchoyo. Angalia ulichoandika mwenyewe, korona ya pili walichukua haraka na aliyewapa ni mzee yuleyule, angekuwa mchoyo si angewanyima na wao? Kuna mtafiti anaitwa Gabriel Szulanski, mwaka 1996 alitoa utafiti kuhusu makampuni yanavyohangaika kuhamisha mbinu nzuri toka idara moja kwenda nyingine ndani ya kampuni hiyohiyo. Maelezo yaliyozoeleka wakati huo yalikuwa kama ya bosi wako, kwamba watu hawataki tu. Alichokikuta ni vikwazo vikubwa vitatu vya aina nyingine: anayepokea hana msingi wa kukidaka kile kitu, au hakuna anayejua kwa uhakika kwanini ile mbinu inafanya kazi, hata mwenye nayo, au uhusiano kati ya anayetoa na anayepokea ni mgumu. Sasa ukiziweka hizo tatu juu ya korona yako ya tatu nadhani utaona angalau mbili zinakaa. Na nikwambie kitu nilichokiona mara nyingi, bosi akishawaita watu wachoyo mbele za watu, wanakuwa kweli, maana mtu anasema kama nimeshaitwa mchoyo bila kosa basi ngoja ninyamaze.

Sasa kwanini ule ukurasa mmoja haukusaidia. Miaka ya mwanzo ya 70 mwanasosholojia mmoja Mwingereza, Harry Collins, alifuatilia maabara zilizokuwa zinajaribu kujenga aina mpya ya leza, kifaa cha kutoa mwali mkali wa mwanga, wanaiita leza ya TEA. Hao ni wanasayansi, wamesoma, maandishi wanayo yote, michoro wanayo. Hakuna hata maabara moja iliyofanikiwa kwa kutumia maandishi peke yake, waliofanikiwa ni wale waliokuwa na mawasiliano na mtu aliyekwisha kuijenga ikawaka. Kama wao ilikuwa hivyo, kwanini tumlaumu mzee wako kwa ukurasa mmoja? Hajaficha, ameandika kile anachojua kwamba anakijua. Kingine kiko mikononi na masikioni na yeye mwenyewe hana habari nacho.

Nenda kasimame pembeni yake siku moja anaposeti, usimuulize kitu kwanza, angalia tu. Karatasi itakuwa imeandika labda "punguza nafasi kati ya kisu na konkevu kidogo". Konkevu ni kile chuma kilichopinda kinachotazamana na visu. Haya, kidogo ni kiasi gani? Utamwona anapitisha kipande cha bati au cha msumeno kupima, lakini kabla ya kupima ameshapitisha kidole kwenye ukingo wa kisu kuona kimelika upande gani, ameshachungulia mabaki ya jana yana singa fupi kiasi gani, ameshauliza leo majani yanatoka bloku ipi ya shamba maana majani manene ya mkonge uliokomaa hayawezi kukwanguliwa sawa na membamba, halafu mashine ikiwashwa tupu anakaa kimya anaisikiliza ngoma kabla hajaruhusu majani yaingie. Vitu vyote hivyo kwenye karatasi havipo, na hata ukimwambia aandike tena ataandika mistari mitatu zaidi, ataishia hapo.

Ndo maana watafiti wanaosomea wavumbuzi ndani ya makampuni wameacha kuangalia kichwa cha mtu mmoja mmoja wakaanza kuangalia nani kafanya kazi na nani. Wana njia nzuri ya kulijua hilo, kwasababu hataza, zile hati za kulinda uvumbuzi, zinaandika majina ya wavumbuzi wote walioshirikiana na pia zinataja hataza za nyuma walizozijengea, kwahiyo unaweza kufuata wazo lilipotoka na lilipopita. Jasjit Singh alifanya hivyo, utafiti wake ulitoka 2005. Tunajua ujuzi unasambaa zaidi ndani ya kampuni moja na ndani ya eneo moja, hilo halikuwa geni. Yeye akauliza je ni kampuni yenyewe au ni watu? Akakuta wavumbuzi waliowahi kushirikiana, au wenye mshirika wa kati anayewajua wote wawili, ujuzi unapita kati yao, na kadiri mnyororo wa kujuana unavyorefuka ndivyo unavyopungua. Na kwa watu ambao tayari wana ukaribu huo, kuwa kampuni moja au mji mmoja kulikuwa hakuongezi kitu kikubwa. Hebu lisome tena hilo kaka, maana hapo ndo penye jibu lako. Kuvaa ovaroli yenye nembo moja hakumfanyi fundi wa korona ya tatu awe karibu na mzee, kilichowaweka karibu wale wa korona ya pili ni kwamba wameshawahi kushika spana pamoja. Mimi nina hakika karibu yote kwamba ukichunguza utakuta pale ya pili kuna mtu aliyewahi kuwa msaidizi wa mzee, au walijenga ngoma pamoja enzi fulani, au ni mtu wanayekunywa nae kahawa. Kachunguze uone.

Kuna utafiti mwingine wa mwaka huohuo 2005, wa Nerkar na Paruchuri, wao waliangalia wavumbuzi wa kampuni moja ya kemikali ya Marekani, DuPont. Walikuta wazo la mtu aliye katikati ya mtandao wa kujuana kazini, au aliyesimama kati ya makundi mawili yasiyojuana, lina nafasi kubwa zaidi ya kuchukuliwa na wenzake ndani ya kampuni. Mameneja wakisikia hivyo wanafurahi wanasema basi tumtafute huyo wa katikati. Mimi nilivyousoma nilimfikiria yule wa pembeni. Maana yake yupo mtu ana wazo zuri kabisa ila kwasababu amekaa pembeni ya mtandao halichukuliwi na yeyote, na kwako wewe pembeni ni hukohuko korona ya tatu. Umeniandikia habari ya vitu vinavyotoka kwa mzee kwenda kwao, hukuniandikia hata kitu kimoja kilichotoka kwao kuja kwenu. Mafundi wazuri, umesema mwenyewe, miaka yote wako peke yao mbali, hawajabuni chochote? Siamini.

Kuhusu grupu la WhatsApp, sio kwamba ni baya, limepewa kazi isiyo yake. Morten Hansen mwaka 1999 aliangalia miradi ya kutengeneza bidhaa mpya kwenye kampuni kubwa ya elektroniki yenye idara nyingi, akaona kujuana kwa mbali kunasaidia sana kutafuta, yaani kujua kwamba fulani ana kitu fulani, ila kama ujuzi wenyewe ni mgumu na umejificha kwenye mikono, kujuana kwa mbali hakutoshi kuuhamisha, hapo unahitaji watu wenye ukaribu wa kweli. Kwahiyo grupu linaweza kutangaza "korona ya kwanza wamepata mbinu ya visu" na likawa limemaliza kazi yake vizuri tu. Picha ya ngoma na sauti ya dakika mbili haiwezi kufanya yaliyobaki.

Na hapa naomba nikutahadharishe kwa dhati kabisa, usiruhusu mtu yeyote kule ya tatu ajaribu kuseti nafasi za visu kwa kufuata picha ya kwenye simu. Ile ngoma ni nzito, ikishawashwa haisimami mara moja, na mtu akitoa kinga ili "aone vizuri" kama kwenye picha unajua kinachoweza kutokea kwa mkono wake. Umeme ukatwe na ufungwe kwa kufuli, ngoma isimame kabisa, na awepo mtu aliyekwisha kufanya. Kama hamna utaratibu ulioandikwa wa kufunga mashine kabla ya matengenezo, ongeeni kwanza na OSHA, wakala wa serikali wa usalama mahali pa kazi, haya mengine yatasubiri.

Sasa cha kufanya. Chukua daftari, mzungukie kila fundi na kila msaidizi wa korona zote tatu, mmoja mmoja, umuulize maswali mawili tu. La kwanza, mashine ikikusumbua ukakwama unampigia nani au unamfuata nani? La pili, mwezi huu nani amekufuata wewe kukuuliza kitu cha kazi? Halafu chora kwenye karatasi kubwa, kila mtu duara, mshale toka kwa anayeuliza kwenda kwa anayeulizwa. Utafanya kwa siku chache na haitakugharimu chochote. Mwambie kila mtu wazi kwamba sio ya kumpandisha wala kumshusha mtu, na karatasi hiyo isiende ofisi ya utumishi, maana ikishageuka kipimo cha utendaji watu watakuambia majina ya kukufurahisha.

Utaona mishale mingi ikimwendea mzee, hiyo unaijua. Ila mtafute mtu mwingine, yule mwenye mishale toka korona zote, na mara nyingi sio mbunifu, hata sio fundi. Kuna kiwanda kimoja cha chokaa niliwahi kufanya nao kazi, mtu wa namna hiyo alikuwa mama mmoja mtunza stoo. Fundi anakuja dirishani na beringi iliyokufa kaizungusha tambara lenye grisi, mama anaichukua anaigeuza, anamwambia "hii tena? mwenzio wa tanuru la pili alikuja na kama hii wiki iliyopita, akasema tatizo lilikuwa shafti imepinda, beringi unazionea tu". Fundi anaondoka kwenda kupima shafti. Hakuna aliyemwajiri kwa kazi hiyo na hakuna ripoti iliyowahi kuitaja. Halafu uongozi ukaamua maombi ya spea yote yapitie kwenye simu, vitu viletwe na kijana wa pikipiki, kwa nia njema kabisa ya kuokoa muda, na pale dirishani pakawa hapana mtu. Beringi zikaanza kuagizwa mara mbili mbili na kila tanuru likawa linahangaika na shida ambayo jirani ameshaimaliza. Kwahiyo kabla hamjabadilisha chochote, jua mtu wa dirishani kwenu ni nani. Anaweza kuwa dereva wa trekta la majani, anaweza kuwa mchomeleaji anayezunguka korona zote.

Ukishaijua picha yako, wala usiwaandalie semina, wape watu kazi ya pamoja. Chagua mafundi wawili wa korona ya tatu, sio lazima wenye vyeo, wale ambao wenzao wanawafuata wakikwama, uwalete korona ya kwanza wakae na mzee mpaka wapite mzunguko mzima wa kubadilisha visu na kuseti, wafanye wao kwa mikono yao na mzee anawasahihisha. Wawili nasema kwasababu mmoja akiugua au akapata kazi Dar umerudi mwanzo. Halafu mzee nae aende kwao, na hii watu wengi wanairuka, akaione mashine yao, kwasababu inawezekana konkevu yao imelika tofauti au ngoma imewahi kuchomelewa, na mbinu inabidi ibadilike kidogo ikikaa kule. Hapo mzee mwenyewe ndo atajua ipi kwenye mbinu yake ni muhimu na ipi ni mazoea tu. Na akiwa kule muombe awaulize wao wamebuni nini. Mwisho uwakutanishe na wale wa korona ya pili bila mzee kuwepo, maana kama njia zote zinapita kwake, siku akistaafu zinakatika zote kwa pamoja.

Gharama ipo, sitakuficha. Kwa muda huo korona ya tatu itapungukiwa mikono, itabidi kulipa ovataimu, na supavaiza wa kule anaweza kununa. Na usijaribu kumuunganisha kila mtu na kila mtu, utawachosha na mwishowe wote watafikiri kitu kimoja. Ronald Burt alionyesha mwaka 2004, kwenye kampuni kubwa ya elektroniki ya Marekani, kwamba mameneja waliokuwa wanaongea na makundi tofauti tofauti ndo mawazo yao yalionekana mazuri zaidi kuliko ya waliozungukwa na watu wanaojuana wote. Wachache wa kuunganisha wanatosha, wengine waache wajaribu vyao.

Mzee kuhamia mjini, hapana kabisa. Thomas Allen wa chuo cha MIT alipima zamani jinsi wahandisi wanavyoongea kazini, na mazungumzo yalipungua haraka mno kadiri meza zinavyoachana, mkishaachana mita 50 hivi uwezekano wa kuongea kikazi kila wiki unakuwa mdogo sana. Mita 50 kaka, ndani ya jengo moja. Sasa bosi wako anataka kumpeleka Chumbageni huko mjini, mashine zibaki shambani. Na akiwa mbali na ngoma yeye mwenyewe hana cha kuelezea, maana anaeleza kwa kuonyesha.

Mfumo wa kompyuta una kazi yake, msije mkadhani naupinga. Namba za spea, michoro, tarehe kisu kilipobadilishwa, picha ya konkevu ilivyolika, hivyo vyote vinakaa vizuri humo, na daftari nzuri la karakana linaweza kuvibeba pia kwa kuanzia. Xerox, wale wa mashine za fotokopi, walifanikiwa miaka ya 90 na mfumo wao ulioitwa Eureka, ila ulikuja baada ya mtafiti Julian Orr kukaa na mafundi wao akaona kwamba ujuzi unatembea kwenye hadithi wanazopeana wakinywa chai. Vidokezo viliandikwa na mafundi wenyewe, vikakaguliwa na mafundi wenzao, na jina la aliyetoa likabaki pale. Watu tayari walikuwa wanaongea, mfumo ukafuata. Ukinunua kabla, utapata mafaili matupu na bosi atarudi kusema si nilisema ni wachoyo.

Haya, kustaafu. Kuna utafiti wa Jaravel, Petkova na Bell wa 2018 uliofuatilia wavumbuzi Marekani ambao mshirika wao alifariki mapema. Waliobaki, kipato na uvumbuzi wao ulishuka na ukaendelea kuwa chini miaka mingi, hasa waliokuwa wamefanya kazi nae kwa karibu na kwa muda mrefu. Kwahiyo msihesabu tu anachoondoka nacho mzee, hesabuni na wale wasaidizi wake wawili watatu wanaobaki, watayumba. Waanze sasa hivi kufanya kazi na mtu mwingine yeye akiwa bado yupo, na yeye mpeni mkataba mdogo baada ya kustaafu, siku chache kila mwezi, mumlipe vizuri. Mlingano nao wako hapo Muheza, kituo cha TARI, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, kinachoshughulika na mkonge, mkijenga mazoea ya kuwaita mtapata sikio jingine nje ya kampuni.

Na sasa mali ya nani. Kwa kawaida kitu ambacho mfanyakazi amekibuni ndani ya kazi aliyoajiriwa kuifanya kinaangukia kwa mwajiri isipokuwa mkataba umesema vingine, kwahiyo kwanza toeni mkataba wa mzee muusome, mikataba ya zamani mingi haisemi chochote. Halafu sio kila ubunifu ni hataza, hataza inataka kitu kiwe kipya, kiwe na hatua ya uvumbuzi na kitumike kiwandani, namna ya kuseti visu inaweza ikawa ni ujuzi wa ndani tu, lakini kama ametengeneza kifaa cha kusetia ni habari nyingine. Hilo mimi sitalimaliza kwa maandishi, nendeni BRELA, wakala wa serikali unaosajili biashara na hataza, au kwa mwanasheria anayejua mambo ya hataza, mkiwa na mzee, sio nyuma yake. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hapa Tanga wanaweza kuwasaidia kukitengeneza kifaa vizuri. Na kabla ya hapo msikipeleke kwenye maonyesho wala msisambaze picha zake, kitu kikishawekwa hadharani kabla ya kuombewa ulinzi haki inaweza kupotea.

Ila hata kama sheria itasema ni ya kampuni, mzee kuuliza ni dalili. Ameona kitu chake kinaokoa singa na jina lake halitajwi, na huyo huyo mmemwomba aandike, afundishe, ahame. Kama asipojibiwa, hapo ndipo atakaponyamaza kweli na bosi atapata ushahidi wake. Mwiteni, mwambieni kwa mdomo na kwa barua kwamba mbinu ni yake, iandikwe kwa jina lake karakana zote tatu, na apewe chochote kwa kile ilichookoa. Kama kuna ugomvi wa zamani kati yake na supavaiza wa ya tatu, na nahisi unaweza kuwepo, msiwakutanishe wenyewe, tafuteni mtu mzima wanayemheshimu wote awakalishe kwanza.

Anza na daftari wiki hii, kabla bosi hajasaini mkataba wa mfumo. Na ukifika kwa mzee usimruke kwa kudhani yeye ni wa kuulizwa tu, muulize na yeye akikwama anampigia nani, halafu uniandikie jina hilo liko korona ipi.